Pazia, Ngazi na Kipaza Sauti: Wanawake na Wanaume Wanapokusanyika kwa Ibada Lamu

Stima ilipotea tukiwa kwenye sijida.

Ilikuwa Ramadhani, sala ya tarawehe, katika msikiti mmoja wa mtaani hapa Lamu. Sisi wanawake tulikuwa orofani, nyuma ya ukuta wenye vitundu, na vitundu vyenyewe vimezibwa kwa pazia zito la kijani. Sauti ya imamu ilitufikia kwa kipaza kilichotundikwa pembeni. Taa zikazimika, feni zikasimama, kipaza kikanyamaza, nasi tukabaki na vipaji vya nyuso chini. Hakuna aliyethubutu kuinua kichwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama walio chini wamekaa, wamesimama, au wameshaingia rakaa nyingine. Nilihesabu tasbihi hadi hesabu ikanipotea. Mwishowe bi mkubwa aliyekuwa kando yangu aliinuka, akamalizia sala yake peke yake. Baadaye alituambia alitia nia ya mufaraka, yaani kuachana na imamu. Mmoja mmoja tukawa tumemfuata, kila mtu na rakaa zake.

Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa na rai. Kwenye baraza moja ilisemwa hayo ndiyo matokeo ya kuwatoa wanawake majumbani. Kwenye jiko moja ilisemwa pazia lile literemshwe likafanywe vitambaa vya meza. Kijana mmoja wa duka la simu alisema tatizo ni betri tu, na betri yeye anazo za kuuza. Ukisikiliza ungedhani wanabishana. Hawakuwa wakibishana, kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Suala la wanawake na wanaume katika mikusanyiko ya dini huulizwa kwa sura moja siku zote: wachanganyike au watengwe? Swali hilo limefunga mizigo mingi kwenye kanga moja. Kuna suala la nani ana ruhusa ya kuwepo. Kuna la mahali pa kukaa na mlango wa kupitia. Kuna la nani anasikia na nani anasikika. Halafu kuna lile lisilozungumzwa sana, kwa kuwa halina pazia la kuonekana kwa macho: nani ana neno pesa na mambo ya mkusanyiko yanapoamuliwa. Mtu anaweza kupewa la kwanza akakosa yote yaliyobaki. Usiku ule wa stima tulikuwa na ruhusa, tulikuwa na mahali, tulikuwa na mlango wetu na ngazi yetu. Sauti ndiyo iliyotupungukia.

Mji uliojengwa kwa stara

Kabla ya kufika msikitini, anza na nyumba. Mji wetu mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, hupigwa picha kwa milango yake ya nakshi, lakini mpigapicha kwa kawaida huishia kwenye daka. Na hiyo ndiyo shabaha ya daka: viti vya mawe pande mbili mbele ya mlango, mahali pa mwenye nyumba kumpokea mgeni wa kiume asiye wa ndani, wakaongea, wakanywa kahawa, mgeni akaenda zake bila kuvuka kizingiti. Ukivuka, unakata kona kwanza, kwa hivyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ni misana, vyumba virefu vinavyoelekea uani, na baada ya misana ni ndani kwenyewe. Kadiri unavyozama ndivyo nyumba inavyokuwa ya wanawake. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kilichorushwa kama daraja kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Bibi wa zamani aliweza kumzuru shangazi yake ng'ambo ya njia bila unyayo wake kugusa mchanga wa njia.

Alipolazimika kutoka, mwanamke wa kiungwana alikwenda ndani ya shiraa: kitambaa kilichoinuliwa kwa miti na kubebwa na watumwa, hema linalotembea. Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wasimame kidogo. Watumwa wa kike walichota maji, walikwenda shamba, walipita sokoni mchana kweupe, na hakuna aliyewasimamishia shiraa. Walikuwa Waislamu wengi wao, na walikuwa wanawake. Kwa hivyo desturi ile haikuwa ya dini peke yake. Ilikuwa pia alama ya nani ni nani mjini. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilikuwa karibu na mwisho wake, na buibui likashika nafasi. Buibui lilikuwa na jambo ambalo shiraa haikuwa nalo: aliyekuwa bibi na aliyekuwa mjakazi waliweza kulivaa sawasawa, na wajakazi wa jana walilivaa kwa sababu hiyohiyo.

Nalieleza hili kwa kuwa katika mabishano yetu ya leo mtu husema "dini" akimaanisha dini, na mwengine husema "dini" akimaanisha ungwana wa babu yake. Yote mawili yana heshima yake. Lakini la pili halina aya.

Misikiti yetu ya zamani inafuata mpango wa mji. Mingi ni midogo, ya mtaa, imebanwa katikati ya nyumba, na ilijengwa kwa ajili ya wanaume wa mtaa huo kusali nyakati tano na kurudi kazini. Sehemu ya wanawake haikuwekwa. Haikukatazwa kwa maandishi mlangoni, haikufikiriwa tu. Wanawake walisali nyumbani, na nyumba ilikuwa kubwa ya kutosha, wana jamaa zao, wana mwalimu wao wa kike, wana vikao vyao. Kutengana kule kulifanya kazi kwa sababu upande wa pili ulikuwa na maisha kamili. Leo nyumba imegawanywa vyumba vya kupangisha, mwanamke anafanya kazi benki au anafundisha shule, adhana ya alasiri inamkuta barabarani. Mpango wa zamani unampa mahali ambapo hayupo tena.

Madina, kwenye safu za nyuma

Pande zote mbili za mjadala hukimbilia Madina ya zama za Mtume, na zote mbili hupata kitu cha kuchukua. Hadithi iliyo mashuhuri zaidi iko katika vitabu vya Bukhari na Muslim: msiwazuie wajakazi wa Mwenyezi Mungu na misikiti ya Mwenyezi Mungu. Katika mapokezi ya Abu Dawud kuna nyongeza: na nyumba zao ni bora kwao. Mwenye kutaka kufungua mlango husoma nusu ya kwanza kwa sauti, mwenye kutaka kuufunga husoma ya pili. Ukizisoma pamoja zinasema jambo lisilo gumu: uamuzi ni wake, na asizuiwe.

Wala ubishi si wa juzi. Aliyeipokea hadithi hiyo ni Abdullahi bin Umar, na alipoisimulia, mwanawe mwenyewe alisema, Wallahi tutawazuia. Baba alimkemea kwa ukali ambao wapokezi hawakuusahau. Bibi Aisha, mke wa Mtume, naye amepokewa akisema lau Mtume angeliyaona waliyoyazua wanawake baada yake angeliwakataza. Na kuna mke wa Umar, baba yake Abdullahi, aliyekuwa akienda msikitini isha na alfajiri huku akijua mumewe hapendi. Alipoulizwa kwa nini Umar hamkatazi, jibu lilikuwa ni ile hadithi ya kutowazuia. Basi kizazi cha kwanza chenyewe kilikuwa na mume asiyependa, mke anayekwenda, mtoto anayepinga na baba anayekemea. Ukitoa majina, ni nyumba yoyote ya Langoni, mtaa wa hapa Lamu.

Namna walivyosali ndiyo inayonivutia zaidi. Wanaume walikuwa mbele, wanawake nyuma, katika msikiti mmoja, bila ukuta baina yao. Tunalijua hilo kwa mambo madogomadogo. Wanawake waliambiwa wasiinue vichwa kutoka kwenye sijida mpaka wanaume wakae sawasawa, kwa kuwa nguo za wanaume wengine zilikuwa fupi. Maagizo kama hayo hayana maana penye ukuta. Mtume akishatoa salamu alibaki kidogo mahali pake ili wanawake watangulie kutoka. Na alisema juu ya mlango mmoja wa msikiti, lau tungewaachia wanawake mlango huu. Basi Ibn Umar hakuupitia tena mpaka kufa. Angalia vifaa vilivyotumika: safu, muda na mlango. Vyote vinatenga, na hakuna hata kimoja kinachoziba sikio.

Lililo kubwa kuliko yote kwangu ni la makofi. Imamu akikosea, wanaume husema Subhanallah na wanawake hupiga kofi. Kwa Mashafi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Kila mtoto wa madrasa amelisoma hilo kwenye mlango wa sala na kulijibu katika mtihani. Lakini tafakari lina maana gani. Mwanamke wa safu ya nyuma ametarajiwa awe anafuatilia, ajue imamu amekosea, na amjulishe, na imamu asikie. Sheria imempa kazi ya kusahihisha. Sisi tumempandisha orofani, tukamzibia vitundu, tukamfungulia spika ya upande mmoja, kisha tunaendelea kumfundisha jinsi ya kupiga kofi.

Fikihi ya Kishafi, ambayo ndiyo yetu Pwani, ina vipimo vyake pia. Ijumaa ni wajibu kwa mwanamume, si kwa mwanamke. Kuondolewa wajibu si kukatazwa, ingawa mitaani kwetu maneno hayo mawili yamekuwa yakivaa kofia moja. Vitabu vya madhehebu vimemtofautisha mwanamke kijana na mtu mzima katika kwenda kwenye sala ya jamaa, kwa kuchelea fitina, na hilo ni kweli halifichiki. Vilevile vimeshurutisha kwamba maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, ajue mienendo ya imamu, kwa kumwona, au kuwaona walio nyuma yake, au kusikia sauti. Walio ndani ya msikiti mmoja hawadhuriki na umbali maadamu wanaweza kumfikia. Aliye nje ya msikiti asipite kiasi cha dhiraa 300, kama mita 150 hivi, na pasiwe na kizuizi baina yao. Ndiyo sababu ami yangu alikuwa akimkataza mkewe kumfuata imamu kutoka dirishani kwao ingawa spika iko mita 20 tu: ukuta wa nyumba umekatiza. Alikuwa hamkatazi kwa sababu ni mwanamke. Hata yeye mwenyewe, alipovunjika mguu, hakumfuata imamu kutoka kitandani.

Wanaorudi kutoka hija huleta mkanganyiko mwengine. Mama mmoja wa mtaani kwetu alirudi Makka akiwa na swali ambalo mpaka leo hajajibiwa vizuri. Pale kwenye tawafu, alisema, waume na wake tunaizunguka Al-Kaaba pamoja, mimi na Mturuki na Mnigeria, na katika ihramu mwanamke haruhusiwi hata kufunika uso kwa nikabu. Sala ikikimiwa, askari wanapita kupanga safu, wanawake huku, wanaume kule, uwanja mmoja. Sasa vipi nyumba tukufu kuliko zote iwe na nafasi yangu na msikiti wa nyuma ya jikoni kwangu usiwe nayo? Jibu alilopewa ni kwamba kule ni dharura ya wingi wa watu. Linaweza kuwa jibu. Lakini tawafu haikuanza kuwa hivyo kwa sababu ya wingi; Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka wa kizazi kilichofuata masahaba, aliwahi kumjibu mtawala aliyetaka kuwazuia wanawake kutufu na wanaume kwa kumkumbusha kuwa wake za Mtume walitufu na wanaume. Akaongeza kwamba hawakuwa wakisongana nao. Bibi Aisha alizunguka kando. Kwa hivyo hata pale, neno "pamoja" lilikuwa na adabu zake.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea tunapotumia neno ikhtilati, yaani kuchanganyika kwa wanaume na wanawake, kama rungu. Wanavyuoni wanazungumza juu ya faragha, yaani mwanamume na mwanamke wasio maharimu kubaki peke yao, na hiyo imekatazwa wazi. Wanazungumza juu ya kusongamana mwili kwa mwili. Na kuna kuwepo tu mahali pamoja kwa shughuli inayoeleweka, kama sokoni, kwenye mashua ya kwenda Mokowe, kwenye foleni ya hospitali. Asubuhi tumebanana kwenye mashua goti kwa goti, hakuna aliyetoa fatwa. Jioni kuna mkutano wa wazazi wa madrasa, ghafla tunahitaji kuta mbili.

Pale kutengana kunapompa mtu kazi

Sasa niseme upande ambao rafiki zangu wa Nairobi hawapendi kuusikia. Kutengana si kunyang'anywa kila mara.

Chukua msiba. Akifa mwanamke hapa Lamu, hakuna mwanamume wa nje atakayemwosha. Wanawake ndio wanaojua maji kiasi gani, karafuu maiti na kunazi, jinsi ya kusuka nywele mafungu matatu, vitambaa vitano vya sanda. Elimu hiyo iko mikononi mwa wanawake wachache wa kila mtaa, na wakiingia chumbani kila mtu huwapisha. Hakuna kamati iliyowachagua wala shehe anayewaelekeza. Wanaume watabeba jeneza na kwenda makaburini, wanawake watabaki na mfiwa, hitima itasomwa pande zote mbili. Ni mkusanyiko uliotengana kabisa, na sijapata kusikia mwanamke akilalamika kuwa ametengwa. Kila upande una kazi ambayo upande wa pili hauwezi kuifanya.

Au harusi. Nikaha inafungwa msikitini na wanaume, dakika 20, halua na kahawa, wamemaliza. Harusi yenyewe ni ya wanawake: kupamba, ukumbi umejaa, simu zimekusanywa mlangoni ili picha zisitoke. Mle ndani buibui linavuliwa, na kuna uhuru ambao wageni wanaotuonea huruma wakituona barabarani hawaudhanii. Wale wanaodhani mchanganyiko ndio uhuru wajaribu kumwambia bibi harusi wa Lamu awaingize wajomba ukumbini.

Hata Madina wanawake waliomba wenyewe watengewe. Walimwendea Mtume wakamwambia wanaume wametushinda kwako, basi tuwekee siku yetu. Akawawekea. Darsa za wanawake tulizonazo leo, za baada ya alasiri, wanawake na vitabu vyao na watoto wakilala mikekani, ni kizazi cha ombi hilo. Katika darsa hizo mtu huuliza juu ya hedhi, talaka na unyumba bila kumung'unya maneno. Tia wanaume 30 nyuma ya chumba uone maswali yatakavyokuwa ya adabu na ya bure.

Maulidi iko katikati ya yote haya. Sherehe ya msikiti wa Riyadha, mwishoni mwa Mfungo Sita, huleta watu kutoka pwani yote na visiwani. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyeuasisi msikiti huo kule Langoni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, alipingwa na wakubwa wa mji kwa kuingiza matari katika maulidi na kwa kuwafundisha dini waliokuwa watumwa na wanyonge. Yaani msikiti unaoonekana leo kuwa ndio desturi yenyewe ulianza kwa kugombana na desturi juu ya nani akae wapi. Usiku wa maulidi wanaume wako ndani na uwanjani wakivuma na matari, wanawake upande wao, nje, mikeka imetandikwa mchangani, watoto wamelala, na kasida inaimbwa pande zote. Hakuna anayedhani wale wa mchangani hawakuja kwenye maulidi.

Majirani zetu

Wakristo wa bara ya Lamu, Mpeketoni na Witu, na wenzao wa Malindi, huketi pamoja kanisani, mume na mke benchi moja, na wengi wao huamini kwamba kwa hivyo suala hili si lao. Lakini sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilikuwa bado zinapendekeza wanawake wakae mbali na wanaume kanisani kulingana na mila ya kale. Zile za mwaka 1983 zikaliacha jambo hilo. Watu wazima wanakumbuka makanisa ya mashambani ya upande wa kulia na upande wa kushoto.

Walipoacha kutengana kwenye mabenchi, wakatengana kwenye vyama. Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama, uliozaliwa Uingereza mwaka 1876. Wapresbiteri wana chama chao cha wanawake, Wakatoliki wana chao, na wanaume nao wana vyao. Kisa cha Wakweka (Quakers), Wakristo pia, kinafaa kusikilizwa na kamati yoyote ya msikiti. Tangu karne ya 17, jamaa hao, ambao nchini kwetu wamejaa zaidi upande wa Kaimosi na Vihiga, waliabudu pamoja lakini wakaweka vikao viwili vya kuamua mambo: cha wanaume na cha wanawake. Wanawake walishika pesa zao, wakaamua juu ya masikini na juu ya ndoa, wakaandika kumbukumbu zao. Wapo waliopinga vikao vile wakisema ni kuwapa wanawake mamlaka mno. Yaani huko, aliyetaka wachanganyike alikuwa wakati mwingine ndiye anayetaka wanyamaze.

Na kinyume chake kipo pia. Mtu anaweza kuketi benchi la mbele kila Jumapili na asisogee hata hatua moja kuelekea mimbari. Kanisa la Anglikana la Kenya lilimweka wakfu askofu wake wa kwanza mwanamke, Emily Onyango, mwaka 2021, baada ya vizazi vya mume na mke kuketi pamoja. Waismailia, Waislamu wa Kishia, kwa upande mwingine, huketi katika jamatkhana yao, nyumba yao ya ibada, ukumbi mmoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule, bila pazia, na mwanamke anaweza kupewa kazi ya kuongoza dua. Wamebaki na mstari wakaondoa ukuta. Mabohora, nao Washia, huwapandisha wanawake orofani, kama sisi, ila orofa yao kwa kawaida hufunguka juu ya ukumbi, wanaona na wanasikia.

Neno kwenye pesa

Nirudi mtaani, kwenye lile suala lisilo na pazia. Msikiti wetu ulipoezekwa upya, mchango wa wanawake ulipita wa wanaume; kuna bangili mbili za dhahabu kwenye bati lile ambazo nawajua wenyewe. Kamati iliyoamua rangi, fundi na mahali pa ngazi ilikuwa ya wanaume watupu, na ilikutana baada ya isha, msikitini, saa ambayo mwanamke yuko nyumbani akilaza watoto. Hakuna aliyesema wanawake wasije. Ngazi ikajengwa nyembamba, daraja zake zimeinuka mno, bila mahali pa kushika, na bi mkubwa mwenye magoti mabovu akaipanda kila usiku wa Ramadhani kama anapanda mnazi. Fundi hakuwa mwovu. Hakuna aliyemwuliza bi mkubwa kuhusu magoti yake, basi.

Hapo ndipo nitakapotofautiana na wale wa jikoni waliotaka pazia literemshwe likawe kitambaa cha meza. Pazia mimi silichukii. Kuna usiku naliona ni rehema: nimechoka, nguo yangu imelowa jasho, mtoto ananyonya. Nisichokitaka ni pazia kuwa jibu la kila kitu, hata la ngazi, hata la daftari la mapato. Nikipewa kuchagua kati ya kuketi safu moja na wanaume nisiwe na neno, na kuketi nyuma kabisa nikiwa na mtu wangu kwenye kamati, nitaketi nyuma.

Wazee wana hoja zao na si za kupuuzwa. Msikiti ni mdogo. Mji mkongwe unalindwa kisheria, ukuta hauvunjwi wala orofa haiongezwi kwa hiari ya mtu. Vijana wa siku hizi wanakaa ngazini na simu. Lakini nyingi katika hoja hizo ni hoja za nafasi na nidhamu, na tumezoea kuzivisha joho la halali na haramu ili zisijibiwe.

Baada ya usiku ule wa stima mambo mawili yalibadilika, yote ya bei rahisi. Pazia lilikatwa likabaki nusu, vitundu vya juu vikawa wazi, ukisimama unaona migongo ya safu ya nyuma ya wanaume. Na kijana mmoja aliwekwa karibu na ngazi awe mubaligh, kurudia takbira ya imamu kwa sauti, kama ilivyokuwa kabla ya kuzaliwa spika. Duka la simu halikuuza betri.

Siku ya nne au ya tano, katika isha, imamu alisahau akasimama kwa rakaa ya tano. Chini kukawa kimya; nadhani kila mtu alikuwa akijihesabia kwanza. Bi mkubwa, kando yangu, akapiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono, kavu, mara mbili. Mtoto mmoja alicheka akidhani ni mbu. Kisha sauti ya mwanamume ikasema Subhanallah, imamu akarudi akakaa, akaleta sijida mbili za kusahau, tukatoa salamu.

Mpaka leo wanabishana huko chini kama imamu alirudi kwa kofi au kwa Subhanallah. Mimi nilikuwa kwenye ngazi tayari, nimemshika bi mkubwa mkono, tukishuka polepole, daraja kwa daraja. Nilichungulia mlangoni. Imamu alikuwa bado ameketi, na wanaume wote nyuma yake, wakingoja tumalize kutoka.